Reli ya Omo na Yaliyo Chini Yake



Yeyote aliyewahi kupanda boti katika gati ya Mokowe maji yakiwa yamekupwa anaijua hali tunayoitaja. Basi limeshusha watu waliotoka Mombasa, mizigo inapokezanwa mkono kwa mkono, ngazi zimeota ukoga, na boti imeleta omo mbele huku baharia akiizuia kwa mguu isigonge ukuta. Mama amempakata mtoto kwa mkono wa kushoto, amekusanya buibui lake asije akalikanyaga, na mkono wa kulia umebaki mtupu ukitafuta pa kushika. Hutafuta lile bomba la chuma linalong'aa, lililozungushwa juu ya sitaha upande wa mbele. Mkono hauulizi bomba limefungwaje. Hulishika, na uzito wa watu wawili huhamia pale kwa nukta mbili au tatu.

Wiki hii tumependa kulizungumzia bomba hilo, yaani reli ya omo: namna inavyong'oka, na namna inavyopasa kurudishwa. Huenda msomaji akajiuliza mambo ya spana na bolti yameingiaje katika kurasa za jamaa. Jawabu ni jepesi. Katika visiwa vyetu boti ndiyo gari. Ndiyo imchukuayo mwanafunzi, na ndiyo impelekayo mja mzito hospitali usiku. Boti nyingi za abiria leo ni za faiba, na ziko zilizonunuliwa kwa fedha za upatu wa akina mama. Anayemlipa fundi ana haki ya kujua analipia nini, awe mwanamume au mwanamke.

Boti tuliyoifuatilia ni ya mjane mmoja wa mji wa Lamu, mtu mzima, ambaye mjukuu wake ndiye nahodha. Ametupa ruhusa ya kuisimulia kwa sharti tusimtaje jina. Ni boti ya futi 23, hufanya safari baina ya Lamu, Shela na Mokowe. Reli yake ilipoanza kulegea, aliitwa fundi mmoja, akaja na skrubu ndefu zaidi na kichupa cha silikoni, akamaliza kazi kabla ya adhuhuri, akalipwa, akaenda zake. Muda wote wa kaskazi reli ilikaa imara. Ilipoingia kusi na mawimbi yake ikaanza tena kucheza, na jioni moja ilimbakia abiria mkononi, mguu mmoja wa reli pamoja na skrubu zake zote tatu. Baharia alimdaka yule bibi kwapani asianguke. Kiatu kimoja kilichukuliwa na maji, hakikuonekana tena.

Sasa tulifafanue hili la skrubu, kwani ndilo kiini cha maneno yetu yote. Sisi watu wa pwani ni watu wa mbao, na akili za mafundi wetu zimelelewa na mbao. Mbao ina nyuzi. Msumari ukipenya, nyuzi hujisogeza zikaukumbatia, na mbao ikilowa huvimba, na kuvimba kwake huzidi kubana. Ndiyo maana mafundi wa Matondoni wakisha kuunda chombo hawaogopi kukiacha kinywe maji, na penye upenyo hutia kalafati ya pamba na mafuta. Mbao na maji vina mapatano yao ya kale.

Faiba haikuingia katika mapatano hayo. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na ikisha kukauka haivimbi kumbana mtu wala kitu. Skrubu inayopigwa kutoka juu hushikwa na milimita chache tu za faiba. Kila reli inapotikiswa, meno ya skrubu huisaga faiba ile ikawa unga, na tundu hupanuka. Skrubu ndefu zaidi haiongezi kitu, kwani urefu uliozidi unaning'inia hewani chini ya sitaha, au umezama katika mbao iliyooza. Skrubu nene zaidi husaidia kwa msimu mmoja, kisha huacha tundu kubwa kuliko la kwanza.

Hapa tufanye hesabu ndogo, ile ya mzani ambayo kila muuza samaki anaijua. Tuseme reli ina kimo cha sentimita 30, na mtu anaivuta ubavuni kwa nguvu ya kilo 40, jambo jepesi kwa mtu anayeteleza. Tuseme kitako cha mguu wa reli ni kidogo, na kutoka ukingo wake hadi kwenye bolti ni sentimita 5 tu. Mguu ule ukiubeba mzigo peke yake, bolti itavutwa kwa nguvu ya kilo 240, yaani mara sita ya ile iliyo mkononi. Kwa kawaida miguu mingine husaidiana nao, lakini yule anayeshuka gatini hushika pale ulipo mkono wake, na mguu ulio karibu ndio unaopokea sehemu kubwa. Kilo mia mbili na zaidi, zilizoshikwa na milimita tatu au nne za kioo na gundi.

Fundi wa pili, kijana aliyejifunza kazi ya faiba Mombasa, hakuanza kwa kufunga. Alianza kwa kugonga. Alichukua shilingi 20 akaigongagonga sitaha kuzunguka kila kitako, nasi tumeinamisha masikio. Palipo pazima shilingi ililia kwa sauti kavu ya juu. Karibu na mguu ule uliong'oka sauti ilikuwa bubu, kama mtu anayegonga papai. Akachora mstari kwa penseli mahali sauti inapobadilika. Duara lilipokamilika lilikuwa pana kuliko sahani ya kulia chakula.

Sababu ni kuwa sitaha ya boti nyingi za faiba si faiba tupu. Ni kama mkate uliotiwa kitu katikati: faiba juu, faiba chini, na baina yake mbao nyepesi ya balsa, au plaiwudi, au povu gumu. Hiyo ya katikati huipa sitaha ugumu bila ya kuiongezea uzito. Maadamu ni kavu, haina neno. Lakini kila tundu la skrubu ni mlango, na mlango usiozibwa sawasawa hupitisha maji, tone baada ya tone, mvua baada ya mvua. Balsa ikisha kulowa haina pa kukaukia, kwani imefunikwa juu na chini. Fundi alipoingiza ndoano ya waya katika tundu moja na kuizungusha, kilichotoka kilikuwa cheusi, chenye maji, mfano wa tambuu iliyokwisha kutafunwa.

Mwenye boti alikitazama kile kilicho kiganjani mwa fundi, akasema, “Na hii ndiyo iliyokuwa ikishika watu wangu?”

“Hii haikuwa ikishika kitu, mama,” akajibu fundi. “Silikoni ndiyo iliyokuwa ikishika.”

Basi kazi ilikwendaje? Tutaieleza kama tulivyoiona, ili mwenye chombo apate kuisimamia.

Palipooza pakubwa, kwenye ule mguu mmoja, fundi alikata ngozi ya juu ya faiba kwa uangalifu kama mtu anayefungua kifuniko, akakwangua uozo wote hadi kufika mbao kavu, akaacha pakauke siku mbili chini ya kivuli cha turubai, kisha akajaza plaiwudi mpya iliyopakwa epoksi pande zote na kurudisha kifuniko kwa faiba mpya juu yake. Miguu mingine mitano haikuhitaji hayo. Hapo alifanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalotenganisha fundi na mpiga skrubu. Bolti zilikuwa za milimita 6, lakini tundu alilitoboa kwa milimita 12. Akang'oa balsa kandokando ya tundu kwa ile ndoano, akaziba upande wa chini kwa tepu, akamimina epoksi iliyokorogwa na unga wa kuifanya nzito kama uji wa mtama, akaacha igande mpaka kesho yake. Kisha katikati ya donge lile gumu akatoboa tundu jipya la bolti. Hapo bolti haigusi mbao hata kidogo. Hata siku moja gundi ya kuzibia ikichoka na maji yakapenya, yatashuka moja kwa moja hadi chini na kuonekana, wala hayatapata njia ya kuingia ubavuni na kuozesha. Na tena donge lile haliminyiki bolti inapokazwa, ilhali balsa huminyika na sitaha ikabonyea.

Tulimuuliza kwa nini hatumii resini ya kawaida, ile inayotiwa dawa ya kugandisha, ambayo ndiyo iliyoundia boti yenyewe na ni rahisi kwa bei. Akasema resini ile hushikana vizuri na faiba mbichi, lakini juu ya faiba iliyokauka miaka mingi epoksi hushika zaidi. Kuna jambo la hadhari hapa kwa nyumba zenye watoto. Dawa ya kugandisha resini ni hatari sana kwa macho, tone moja linaweza kumpofusha mtu, na epoksi ikikorogwa nyingi katika kopo moja huchemka yenyewe hadi kutoa moshi, hasa katika joto letu. Vikorogwe vichache vichache, mbali na watoto. Na vumbi la faiba huwasha mwili na hudhuru mapafu. Fundi avae barakoa na mikono mirefu, na nguo zile zisichanganywe na nguo za nyumbani katika beseni la kufulia. Akina mama wanaofua wanatuelewa.

Tukaja kwenye chini ya sitaha, mahali pasipopendwa na mtu. Pana giza, pana joto, na ili kufika omoni ilibidi mjukuu ajipenyeze kwa tumbo akiwa na tochi mdomoni. Lakini huko ndiko inakoamuliwa kazi. Bolti ikipita sitaha yote na kukazwa kwa nati yenye washa ndogo, nguvu zile tulizozihesabu zitaivuta washa ipenye faiba kama kidole kinavyopenya kaimati. Hivyo chini ya kila kitako huwekwa sahani ya kutawanya mzigo, kubwa kuliko kitako chenyewe. Fundi alikata plaiwudi ya baharini ya milimita 12, akazungusha pembe zake zisichome, akaipaka epoksi mikono mitatu pamoja na ndani ya matundu, na juu yake akaweka washa pana za chuma. Sahani ya stenlesi pia ni nzuri. Ya alumini hatukushauri, kwani alumini ikigusana na stenlesi penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Na bolti nazo zina nasaba yake. Si kila kinachong'aa dukani ni stenlesi ya bahari. Sumaku itakusaidia kukamata chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, lakini haitakutofautishia stenlesi ya daraja la 304 na ile ya 316, ambayo hustahimili chumvi zaidi. Tazama kichwa cha bolti: iliyoandikwa A4 ndiyo ya 316, na iliyoandikwa A2 ni ya daraja la chini yake. Wengi hawajui pia kwamba stenlesi hujilinda kwa hewa. Ikikaa imezungukwa na maji yaliyotuama pasipo hewa, kama ndani ya tundu lililooza, nayo hushika kutu na kulika, na kichwa chake kikabaki kinang'aa juu kana kwamba hakuna lililotokea. Skrubu moja iliyotolewa katika boti ile ilikuwa imebaki unene wa kijiti cha kibiriti.

Kabla ya gundi yoyote, reli yote iliwekwa kavukavu, bolti zote zikaingizwa na nati zikashikizwa kwa vidole tu. Hilo ni la lazima. Bomba lililokunjwa lina tabia ya kujitanua, na ukikaza mguu mmoja kabisa kabla ya kuingiza mingine, wa mwisho hutaupata, na utashawishika kuuvuta kwa nguvu hadi ufike. Ukiulazimisha, umeifunga sitaha katika mvutano usiokwisha, na baada ya miezi utaona nyufa zimeanza. Katika boti hii mguu mmoja ulikataa kwa upana wa kidole. Fundi hakuulazimisha, aliziba tundu lake la zamani kwa epoksi akatoboa jipya pale mguu unapotaka kukaa wenyewe. Akatoboa kwa kuzungusha mashine kinyume kwanza, ili koti la juu linalong'aa lisibanduke, kisha akalitanua kidogo tundu pale juu mfano wa faneli ndogo. Mfuo ule una kazi mbili: huzuia nyufa, na huipa gundi mahali pa kukaa ikawa kama pete kuzunguka bolti.

Gundi aliyotumia ni ya poliyurethani ya vyombo vya baharini. Silikoni ya zamani ilikwanguliwa hadi mwisho na pahala pakasuguliwa kwa msasa na asetoni, kwani silikoni huacha mafuta ambayo hakuna gundi nyingine inayokubali kushika juu yake. Tungeshauri pia msinunue ile poliyurethani kali kuliko zote, inayouzwa kwa sifa ya kutobanduka milele. Reli ni kitu kitakachohitaji kufunguliwa siku moja, na gundi ile ikishafunga, utaing'oa reli pamoja na sitaha.

Kukaza kulihitaji watu wawili. Fundi juu alikishika kichwa cha bolti kwa bisibisi kisizunguke hata kidogo, na mjukuu chini alizungusha nati. Bolti ikizunguka huivunja ile pete ya gundi na maji yamepata njia siku ya kwanza. Nati zilikuwa zenye pete ya nailoni ndani, zisizolegea kwa mtetemo wa mashine, na zilikazwa polepole kwa mkono, na tone la mafuta juu ya meno ya bolti. Stenlesi juu ya stenlesi ikikazwa kwa pupa hung'ang'aniana, ikawa haiendi mbele wala hairudi nyuma, na dawa yake ni msumeno tu. Mara ya kwanza walikaza mpaka gundi ikachungulia pande zote za kitako, wakasimama hapo. Kesho yake gundi ilipokuwa imeanza kuwa mpira wakakaza robo ya mzunguko zaidi.

Kazi nzima ilichukua siku sita, ikihesabiwa na kusubiri, na boti haikuingiza kitu siku hizo. Jirani mmoja alimcheka mwenye boti, akimwambia ametia fedha mahali pasipoonekana. Akamjibu, “Wewe hukuwa pale kiatu kilipokwenda na maji.”

Kwa wasomaji wasio na boti, wenye kupanda tu, kuna mambo ya kutazama ambayo hayahitaji spana. Mkikaribia chombo, angalieni miguu ya reli. Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye kitako ni habari kuwa maji yanaingia. Nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui kuzunguka kitako ni habari kuwa sitaha inabonyea. Ishikeni reli na kuitikisa kidogo kabla ya kuiegemea. Ikicheza, mwambieni nahodha waziwazi, na muombe mkono wa baharia badala yake. Nahodha asikubali kamba ya gati wala ya nanga ifungwe kwenye reli, kwani reli imewekwa kwa ajili ya mkono wa mtu na haikuwekwa kuvuta chombo. Na watoto, tafadhalini. Mtoto anayeketi omoni akiwa amening'iniza miguu nje ya reli, boti ikidunda wimbi huanguka mbele ya chombo, na mashine iko nyuma yake inakuja. Hata reli iliyofungwa kwa ustadi wote tuliousimulia haimlindi aliyekaa upande wake wa nje.

Kabla ya kuirudisha boti majini walimwagia sitaha ndoo za maji huku mjukuu amelala chini na tochi yake, akipapasa kila nati kwa karatasi kavu. Karatasi zote zilitoka kavu. Fundi alikuwa amekata tundu la ukaguzi lenye kifuniko cha kuzungusha, ili asiyekuwa mwembamba kama mjukuu naye aweze kufika, na akashauri nati zipimwe mara mbili kwa mwaka, kusi kabla haijaanza na baada ya kumalizika. Spana namba 10, ambayo ndiyo ya nati zile, imetundikwa kwa uzi ndani ya kifuniko hicho.